Kwa Nini Hawakutaka Wangwe Apasuliwe

Truphe, uko?

Unakumbuka '96, bwanangu Wangwe alianguka jikoni kwetu Magunga akafa hapo hapo? Polisi walisema mtu akifa ghafla nyumbani bila kuonwa na daktari, lazima apasuliwe.

Mama mkwe akapiga nduru: "Mtoto wangu hatakatwa kama ng'ombe!" Yeye na mashemeji wakamzika haraka. Wakaniita janawi, mchawi wa sumu. Wakanifukuza.

Sasa mama mkwe huyo watoto wake wamemtupa, ni mimi namlisha. Leo katikati ya uji ananiambia, "Tulijua ni moyo. Baba yake alikufa hivyo hivyo."

Nikamuuliza, "Sasa mbona mlikataa apasuliwe?"

"Daktari angesema huna makosa. Ungebaki na shamba."

Akacheka. Truphe, ALICHEKA! Halafu akafungua mdomo nimwongezee.

Uji wote nimemwagia kuku, akiniangalia.