Mtungi Wetu na Kibuyu cha Mama Naserian

Kisaju, Jumatano

Kukhu, nyanya yangu usiyezeeka,

Sopa! Ndivyo Wamaasai wanasalimiana huku. Niko na habari, siwezi kungoja nirudi!

Unajua tulikuja na darasa letu la biashara tuanzishe kampuni ya kuwasaidia akina mama kuuza maziwa. Kwa mpango wetu, kitu cha kwanza kununua kilikuwa mitungi ya plastiki. Jana tulipomwonyesha Mama Naserian, anayeuza maziwa hapa sokoni, mpango huo na mtungi mmoja wa mfano, hakubishana. Alifukiza kibuyu chake kwa kijinga cha moto, akagawa maziwa ya asubuhi: nusu kibuyuni, nusu kwa mtungi wetu, vyote juani. Kufika saa nane, yetu yalikuwa yameharibika. Akamwagia mbwa. Mbwa akanusa, akaenda zake! Ya kibuyu tulikunywa yote, yananukia moshi mtamu.

Huo ukurasa wa mitungi kwenye mpango wetu tumeurarua. Ijumaa tukisimama mbele ya mwalimu kueleza mpango, Mama Naserian ndiye ataongea kwanza.

Mungu akulindie hayo magoti. Lakini Kukhu, Krismasi nilikuletea mtungi kama huo, nikakuambia utupe kibuyu chako. Tafadhali niambie hukunisikia.

Mjukuu wako,
Wafula