Msumeno wa Baba Odilia na Picha ya Zamani

Mwanangu Odilia ametoka kulamba kioo cha simu sasa hivi. Ulimi wake umeifanya picha iwe kubwa ghafla, na mimi badala ya kumkemea nikabaki naitazama. Nimemfuta mate, nimempa kijiko achezee.

Leo Jumamosi. Mvua imepiga asubuhi, sasa kuna kijua cha kuanika maharage. Nyantakara nzima iko shambani. Mimi nimebaki kwa sababu mtoto alikuwa na homa, mume wangu yuko karakana, nami naandika haya daftarini. Sina furaha, sina huzuni, nipo tu.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha. Tangu kiangazi anatengeneza mashine ya kukatia nondo. Ameunga msumeno wa chuma kwenye miguu ya cherehani ya kukanyaga. Ukikanyaga, msumeno unaenda na kurudi. Akimaliza anaifunika gunia ili mafundi wenzake wasiige. Jumatatu anaipeleka Biharamulo mjini, kuna ofisa anakuja kuwasikiliza wanaotaka hataza, yaani ile hati ya kusema kitu hiki nimekibuni mimi.

Ofisa atataka mchoro. Basi akaniomba nimtafutie mfano kwenye simu.

Nimeupata jana. Ndio huo aliolamba Odilia.

Ni hataza ya huko mbali, ina zaidi ya miaka mia. Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, ila picha inajisemea. Fremu ipo. Gurudumu lipo, na mkono unaosukuma msumeno. Ni mashine ya mume wangu kabisa, imekosa cherehani tu.

Nikinyamaza, ataambiwa na ofisa mbele za watu kuwa si yeye aliyeibuni. Nikisema, naona atakavyoisukuma sahani yake.

Halafu kuna jambo la jiwe. Ili msumeno ung'ate chuma, ameuwekea juu jiwe la mama yake la kusagia ulezi. Meno yanaisha upesi, misumeno inakatika. Na mama mkwe hanyamazi.

“Mama Odilia, mwambie mumeo chuma hakipikwi uji! Nataka jiwe langu.”

Mwenyewe anajibu kutoka karakana, “Mama, nikitajirika nakununulia mashine ya kusaga.”

“Utajirike kesho. Njaa yangu ni ya leo!”

Sasa picha ilipokuwa kubwa, nimeona chini ya fremu kipande kidogo chenye umbo la yai. Nimekifuata kwa kidole. Msumeno ukienda mbele unakandamiza. Ukirudi, kile kipande kinauinua kidogo usiguse chuma. Wetu unakandamizwa kwenda na kurudi. Jiwe halipumziki.

Ndiyo maana meno yanaisha.

Kwa hiyo nitamwambia leo. Hati huenda asipate, na atanuna, nitamwacha anune. Lakini akiweka hilo yai, mashine itakata kweli, na mafundi mpaka wa Kaniha wataleta nondo zao hapa kwetu. Mimi naliona hilo kabisa. Nitaanza na yai, mwaka wa ile picha nitautaja mwis—

Ananiita. “Mama Odilia! Msumeno umekatika tena huu! Hebu lete simu nione huo mchoro wako.”

Haya. Naenda na mchoro wote, sifichi kitu, na kabla hajauliza nitamwonyesha lile yai.