Kila Maana Yake Kila

Shoga, leo nimeaibika! Mjukuu wangu alikuwa mkutanoni kwenye kompyuta, nikaingia kumpa chai. Sikujua wote wananisikia.

Alikuwa anawaeleza kuwa kwenye programu yao kuna amri inaitwa KILA_KICHAKATAJI. Vichakataji ndiyo akili za kompyuta. Lakini amri yenyewe inavipitia vilivyo macho tu, vilivyolala inaviruka! Watu wanadanganyika na jina, kompyuta zinakwama. Mwezi mzima anaomba libadilishwe, bosi anajibu, "Tumeshalizoea."

Mimi huyo, kikombe mkononi: "Kila maana yake kila! Ukisema umelisha kila mtoto na mmoja kalala njaa, si uongo huo?"

 

Bosi akauliza, "Nani huyo?"

"Bibi yangu," mtoto wa watu akajibu kwa sauti ndogo.

Bosi akacheka. "Bibi ana hoja. Liwe KILA_KILICHO_MACHO."

Bibi ana hoja! Kwani mwezi mzima mjukuu wangu alikuwa anapiga miluzi?

Ila kuna kijana mwenzao, Mungu amtunze, akasema, "Bosi, hoja ni ya mjukuu. Bibi kaongeza sauti tu." Wakaliandika badiliko kwa jina la mjukuu wangu.

Sasa ananitazama. Sijui atanikumbatia au atanifungia mlango.