Dole gumba la Mama Kulwa

Jumanne, Februari 1977.

Jua toka asubuhi. Mawingu yamepita juu ya kijiji bila hata kusalimia. Mimi mzima. Njaa sina, usingizi sina, hasira nimeitafuta sijaiona.

Leo bwana shamba mgeni kabandika mlangoni pa ghala la kijiji orodha ya wote waliopata dawa ya pamba ya ruzuku, ile ambayo sehemu kubwa ya bei inalipwa na serikali. Kasema kila mtu ajue nani kapata nini. Akatafuta msomaji. Watu wote wakanigeukia mimi, na wangemgeukia nani? Nimechimba dhahabu Nyarugusu, nimepanda treni mpaka Dar mara mbili, na darasa la nne nililiacha mwenyewe, halikuniacha. Sauti yangu inafika Ushirombo bila barua.

Nikasoma kwa madaha. Nilipomtaja mzee Masanja, makopo sita, jirani yake akaruka: "Sita! Si uliniambia ghala tupu, wewe?"

"Lilikuwa tupu nilipotoka," Masanja akajibu.

Tukacheka, bwana shamba naye akacheka.

Halafu nikasoma: Nyamizi Shija, makopo manne, kasaini kwa dole gumba.

Nyamizi ni mke wangu. Mama Kulwa. Tulimzika Agosti.

Sauti haikuyumba. Nikasoma jina lililofuata, na lililofuata. Kicheko kilikuwa kimekatika zamani; nadhani mimi ndiye niliyechelewa kusikia.

Mtu akamnong'oneza bwana shamba kwamba huyo ni marehemu, naye akauliza nani kachukua. Mtunza ghala aliangalia viatu vyake kama kavinunua jana.

Sasa niseme kweli, maana wewe daftari huna mdomo. Mimi ni balozi wa nyumba kumi, na majina ya nyumba zangu yanatoka kwenye kitabu changu. Msimu ulipoanza tuliagizwa tukate waliokufa. Nikawakata wa nyumba nyingine, haraka haraka, kama mtu anayepalilia. Nilipofika kwake, kalamu ikakauka.

Haikukauka.

Niliacha jina lake wazi kama mlango, mtu akapita.

Makopo manne ayachukue, apulizie pamba yake, wadudu wafe. Kinachoniuma, wala hakiniumi, kimenikaa tu hapa kifuani, ni lile dole. Nyamizi alisoma elimu ya watu wazima, alasiri, akitoka palizi na udongo miguuni. Natamba kila mahali kwamba nilimfundisha mimi. Uongo. Yeye ndiye aliyekuwa anasahihisha barua zangu, na huku ananicheka. Siku aliyojua kuandika jina lake, karani wa ghala alimsogezea wino wa dole kama kawaida. Akausukuma nyuma.

"Huo mpe balozi, kidole chake kisafi mno, hakijui jembe."

Ghala zima hawana mbavu. Tangu siku hiyo hakuweka dole mahali popote. Na sasa kafa, wamemwekea.

Jioni hii bwana shamba kanipitia. Kijana mwenye adabu, kanipa shikamoo mara mbili. Kasema kesho kila balozi akate marehemu wake mbele ya watu, la sivyo nyumba zake kumi hazipati dawa ya awamu ya pili. Kisha akasema, "Pole sana, mzee."

"Kwa lipi?" nikamwuliza. Nilikuwa nauliza kweli.

Viwavi wameshaingia kwenye vitumba. Majirani zangu wa nyumba tisa hawana kosa, na pamba yao haijui msiba wangu.

Basi nimeazima rula kwa mwalimu. Kesho nitasimama pale mlangoni na sauti yangu hii kubwa, niseme ni mimi niliyemwacha kitabuni, wala sikusahau. Nitamkata kwa mstari ulionyooka, maana mstari wa kupinda angenicheka.

Halafu pembeni yake, kwa mwandiko wangu huu mbaya, nitaandika: huyu alijua kuandika jina lake.