Mzinga wa Nikolaus Mdogo

Igalula, 19 Mei 1974

Mpendwa mwanangu Baba Nikolaus,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na Imakulata na mtoto. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto linanilalamikia kila ninapopiga magoti kanisani. Karanga tumeshang'oa.

Umeona nilivyokuita? Mtu akipata mtoto, jina lake la utotoni hukaa pembeni na jina la mtoto wake hushika nafasi. Ndivyo watu wanavyokiri kwamba amekuwa mzazi. Na kwa kuwa mmempa mtoto jina langu, nikikuita Baba Nikolaus najiona nimekuwa mwanao. Mama yako, Mungu amrehemu, angecheka mpaka akae chini.

Sasa nikukumbushe habari ya mzinga, maana umekaa mbali miaka mingi. Katika nyumba yetu, mtoto akizaliwa babu yake humchongea mzinga wa gogo na kuutundika porini, na juu yake huchora alama ya mtoto huyo. Mzinga huo haurinwi mpaka mtoto aote meno na aletwe alambe asali ya kwanza kidoleni mwa babu yake. Wa somo yangu nimeutundika kwenye mti mkubwa wa mtundu ulio karibu na njia ya zamani ya misafara. Alama yake ni msalaba wenye vitone viwili. Nyuki bado hawajaingia. Nyuki hawaamrishwi, husubiriwa.

Mleteni akiota meno.

Baba yako,
Nikolaus


Choma, 30 Juni 1974

Baba,

Shikamoo. Sisi tunaendelea vizuri, ila mtoto ana kikohozi. Imakulata anamfunika mpaka namtania kwamba tutakuja kumtafuta ndani ya nguo tukose kumwona. Masikio ni yako, hata mkunga alisema, "Huyu atasikia mpaka yasiyomhusu."

Kazi ya bwana shamba siku hizi si ya shamba. Nashinda nikipima viwanja vya watu wanaohamishiwa kwenye vijiji vipya. Nikipata ruhusa tutakuja. Nyuki wameingia?

Mwanao,
Baba Nikolaus


Choma, 22 Agosti 1974

Baba,

Shikamoo. Nikolaus ametutoka Jumapili. Kikohozi kiligeuka homa, na lori lililokuwa limpeleke hospitali lilikuwa linahamisha watu.

Tumemzika nyuma ya kanisa. Wazee wa hapa walitawanyika jioni ile ile. Walisema mtoto asiyeota meno hawekewi matanga. Asubuhi nikaitwa kwenda kupima viwanja, nikaenda. Imakulata anakunja nguo za mtoto, anazikunjua, anazikunja tena.

Baba, tangu nikiwa mdogo hapajawahi kuwa na jambo usiloweza kunieleza. Nieleze hili.

Mwanao,
Baba Nikolaus


Igalula, 5 Septemba 1974

Mwanangu Bernardo,

Pole sana kwa msiba, wewe na mkeo. Huku hatujambo.

Umeniomba nikueleze. Wazee wa Choma hawakukosea, hata kwetu ni hivyo hivyo. Mtoto aliyekufa kabla ya kuota meno husemwa kwamba alikuja kuchungulia tu akarudi. Hawekewi matanga, wala jina lake halitajwitajwi, ili asiye na nguvu ya kukaa asimzuie anayekuja nyuma yake. Wazee waliona vifo vingi vya watoto wachanga, na kama wangeketi matanga kwa kila mmoja, nani angelima? Desturi hii ilikuwa njia yao ya kuendelea kuishi.

Kwa hiyo jikaze. Mwambie Imakulata azigawe nguo. Ninyi bado vijana, mtapata mwingine. Kazi itakusaidia kusahau.

Baba yako,
Nikolaus


Kijiji kipya, Igalula, 3 Novemba 1974

Mwanangu Bernardo,

Je, mu wazima? Sijapata jibu, na huenda barua imekwama Tabora. Sisi tumehamishwa. Nyumba zetu zimepangwa mistari kama madawati darasani. Nyumba ya zamani iling'olewa bati siku niliyokwenda kuchimba viazi. Mizinga imebaki porini, na sasa ni mwendo wa asubuhi nzima kuifikia. Nyuki wameingia kwenye ule wenye msalaba. Niuweke kwa ajili ya nani?

Andika hata mstari mmoja.

Baba yako


Choma, 1 Desemba 1974

Mzee,

Shikamoo. Barua zote mbili zilifika.

Ulipoandika mara ya kwanza uliniita Baba Nikolaus, na ukanieleza maana yake. Mtoto alipokufa ukanirudisha kuwa Bernardo. Hukunieleza maana ya hilo, lakini nimeielewa.

Mzinga mpe mtoto mwingine.

Bernardo


Kijiji kipya, Igalula, 26 Januari 1975

Mpendwa mwanangu Baba Nikolaus,

Nakusalimu, na ninamsalimu Mama Nikolaus. Sitauliza kama mu wazima, kwa sababu najua hamko wazima.

Barua yako niliisoma nimesimama stesheni, nikaisoma tena na tena. Mzee Mfaume mwenye duka, yule Mzaramo ambaye babu yake alipanda huku na misafara kutoka pwani, akaniona. Unajua Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za wapagazi. Akaniuliza, "Mnyamwezi, umepata barua au umepata mzigo?" Nikamwambia yote. Sikutegemea kama ningesema. Aliniangalia, hakucheka. Akasema, "Babu zenu walibeba pembe za tembo kutoka hapa mpaka Bagamoyo bila kutua. Leo mtoto mchanga wa kubebwa mkono mmoja ndiye aliyekushinda kubeba?"

Mwanangu, nimefundisha watoto wa watu darasani maisha yangu yote, lakini somo hilo nilifundishwa na mwenye duka.

Kuna jambo sijawahi kukuambia, kwa kuwa hata mimi niliambiwa nisilitaje. Kabla yako tulizaa msichana, Bernadeta. Alikufa akiwa mdogo kuliko mwanao. Baba yangu alikataza matanga. Mzinga aliokuwa amemchongea hakuushusha; ulipozaliwa wewe, alikwangua ile alama kwa shoka na kuchora yako juu yake. Mzinga wako ulikuwa wa dada yako. Mama yako hakuwahi kuonja asali yake hata siku moja. Kila mwaka nilimletea bakuli, na kila mwaka alisema tumbo linamuuma. Nami, mtu wa kueleza kila kitu, nilimweleza kwamba asali haidhuru tumbo.

Nilidhani kulea ni kumpa mtoto maelezo, na kila ulipolia nilikupa sababu. Uliniandikia, "Nieleze hili," nami nikaeleza. Sasa ndipo naona ulikuwa unaniita nije.

Basi nimefanya hivi. Niliwaambia majirani hapa kijijini kwamba nina msiba. Wengine walinong'ona, "Mtoto wa miezi? Tena wa mwaka jana?" Bibi Kuluthumu, mama wa Kiislamu wa nyumba ya pili, ndiye aliyetandika mkeka wa kwanza. "Mwanamke gani huyo aliyeuliza miezi?" alisema. "Ameshawahi kuzaa?" Wakaja. Tukaketi matanga ya Nikolaus, mwana wa Bernardo. Jina lake lilitajwa kwa sauti. Mfaume, kama watani wafanyavyo msibani, aliikalia fimbo yangu akakataa kuinuka, akisema mjukuu wangu alichungulia, akaniona sura, akakimbia. Watu walicheka, nami nikacheka, halafu nikalia mbele yao wote. Sikuwa nimelia hivyo hata siku ya mama yako. Kisha tukamtaja na Bernadeta.

Siku ya pili yake nilikwenda mpaka kwenye mtundu. Mzinga ni mzito, nyuki wanavuma. Alama haijaguswa, na shoka langu halitaigusa. Mungu akiwapa mtoto mwingine nitachonga mzinga mwingine. Miti bado ipo. Huu ni wa Nikolaus. Sijui asali ya mtoto asiyeota meno hurinwaje, kwa sababu hakuna aliyewahi kunifundisha. Hili siwezi kukueleza.

Sidai jibu.

Baba yako,
na baba wa Bernadeta


Choma, 13 Aprili 1975

Baba,

Shikamoo.

Barua yako nilimsomea Mama Nikolaus. Alinisimamisha kwenye jina la Bernadeta, akaniomba nirudie. Nikarudia. Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Kisha akauliza dada yangu alikuwa na masikio ya nani.

Nguo hatukuzigawa.

Usiurine mzinga. Tutakuja mwezi wa sita. Tunataka tuwepo, na Mama Nikolaus anataka kuonja.

Mwanao,
Baba Nikolaus