Ndugu wa Mbali

Kijiji cha Umoja,
Nyarubungo,
Biharamulo.
28 Agosti 1974

Kwa Baba yangu, Mwalimu Bernardo,
Lukole, Ngara.

Baba, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lililokusumbua tangu Pasaka liwe limekubali dawa. Mama naye nampa shikamoo yake. Namwomba asinikasirikie kabla hujamsomea barua hii mpaka mwisho. Benedicta na wadogo wote nawasalimu. Ikiwa mvua za kwanza hazijaonekana huko Lukole, basi hali yenu ni kama yetu. Hapa mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini, na vumbi tunalala nalo na kuamka nalo. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni nitayaeleza, ila uniruhusu niyaeleze kwa utaratibu, kwa maana ndivyo ulivyonilea.

Barua yangu ya mwezi wa Juni niliipata uliponirudishia, ikiwa na makosa saba uliyoyapigia mstari kwa wino mwekundu. Niliyasahihisha yote katika daftari langu. Leo nakuandikia juu ya kosa la nane, ambalo hukuliona kwa sababu wakati ule nilikuwa sijalifanya.

Chuo kinafunguliwa Jumatatu, nami sitakuwapo. Wala nyumbani sitakuja. Namtafuta mzee kipofu aitwaye Anastazi, ambaye leo ana siku kumi na nane hajulikani alipo, na sitaondoka Biharamulo kabla hajapatikana, akiwa hai au akiwa vinginevyo. Nahitaji msaada wako katika kumtafuta, na utaona mbele kwa nini naukosa usingizi.

Ulitaka likizo hii nije nikusaidie kuchuma kahawa. Badala yake nilitoa jina langu chuoni kwa kazi ya msimu, kwa kuwa walitakiwa wanachuo wa kuandikisha kaya zinazohamia vijiji vya ujamaa kabla ya mvua. Nilikuandikia kwamba nimeitikia wito wa taifa. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Nilipenda pia kuketi mezani, kalamu mkononi, watu wazima wakiningoja kwenye mstari.

Meza yetu iliwekwa mbele ya ghala la pamba. Kila mtu aliandikwa jina lake, uhusiano wake na mkuu wa kaya, na kijiji atakachopelekwa. Msimamizi wetu, Bwana Ildefonce, alitupa kanuni iliyo rahisi. Mkuu wa kaya, watoto wake na watu wa ukoo wake wasiojiweza wapelekwe pamoja hapa Umoja. Mzee asiyejiweza ambaye hana jamaa wa karibu apelekwe Azimio, mwendo wa maili thelathini, ambako tuliambiwa imejengwa nyumba ya wazee. Nasi tuliona ni kanuni ya huruma.

Kazi yote ilifanywa kwa Kiswahili, kwa kuwa ni kazi ya serikali. Watu wa hapa wengi ni Wasubi, na lugha yao mimi Mhangaza naielewa bila mkalimani, lakini nilijifanya siielewi. Kila aliyeniambia kwamba amerima au amerara nilimsahihisha, kama ulivyonisahihisha mimi kwa rula. Balozi wa nyumba kumi, Bwana Philbert, alinitania kwamba nikiendelea hivyo itabidi wahamishe mbuzi kwanza, kwa kuwa mbuzi hawachanganyi herufi. Watoto nao wakaniita Bwana Usirare. Nilicheka pamoja nao, maana nilidhani wananisifu.

Sasa nikueleze habari za Anastazi. Alipofuka kwa ndui akiwa kijana. Amekaa miaka arobaini katika boma la Bibi Marsiana, mjane, ambaye marehemu mumewe alimfungia kamba za katani kutoka mlangoni pake: moja mpaka jikoni kwa Bibi Marsiana, moja mpaka chooni, moja mpaka kisimani. Alitembea kwa kamba hizo bila kushikwa mkono na mtu. Majirani walimtania kwamba ndiye mlevi pekee katika Nyarubungo asiyewahi kupotea njia. Bibi Marsiana hana mtoto aliye hai. Anasema kila asubuhi alijua kumekucha kwa kuisikia kamba ya jikoni ikilia kwenye nguzo, kwa sababu Anastazi alikuwa anakuja kuota moto.

Katika daftari Anastazi aliandikwa kuwa ndugu wa mbali wa Bibi Marsiana. Kwa hiyo alipangiwa Azimio.

Siku ya kuhama, tarehe sita, Bibi Marsiana alipakiwa katika lori la asubuhi. Aliambiwa kwamba Anastazi yuko nyuma anakuja. Anastazi alipakiwa mchana, akaambiwa kwamba Bibi Marsiana ametangulia. Mapaa ya nyumba yalishushwa ili mtu asirudi, na zile kamba za katani zilikatwa zikafungia mizigo. Mimi siku hiyo nilikuwa kitongoji kingine na daftari langu.

Azimio hapakuwa na nyumba ya wazee. Palikuwa na vigingi vinne na rundo la fito. Nilipofika huko tarehe kumi na tatu, mwanamke mmoja, Bonifasia, aliyekuwa akiwapikia uji wahamiaji, alinieleza yote. Alisema mzee yule aliteremka lorini akiwa ameshika kipande cha kamba, akauliza jiko la Marsiana liko upande gani. Bonifasia alidhani anamuulizia mkewe, akamtania kwamba mapenzi ya uzeeni hayana dawa. Mzee alicheka. Lakini aliuliza tena jioni, na kesho yake, na keshokutwa, kila aliyepita karibu naye. Siku ya tano, tarehe kumi, alimwambia Bonifasia kwamba watu wake hawawezi kumtupa. Bila shaka dereva ndiye aliyekosea, na Marsiana sasa yuko njiani anamfuata kwa miguu. Kwa hiyo yeye naye ataanza kwenda ili wakutane katikati, kwa kuwa Marsiana anaumwa mgongo. Akapata mwenye baiskeli aliyebeba chumvi, akashika nyuma ya baiskeli, wakaondoka. Walifuata barabara ya kwenda Ngara. Mwenye baiskeli hakuna amjuaye. Tangu tarehe kumi hiyo Anastazi hajaonekana tena Azimio.

Baba, unaijua barabara ile. Unajua pori lake, na unajua kilichomo. Nimeitembea mara tatu. Nimekwenda hospitali, nimekwenda kwenye boma lao la zamani ambalo sasa ni kuta na majivu, nimeuliza wachoma mkaa na warina asali. Nimeona viatu vya mpira ambavyo si vyake na mifupa ambayo ni ya nyani. Kila nirudipo namkuta Bibi Marsiana amesimama kando ya barabara, ananitazama mikono kana kwamba ningeweza kurudi nimembeba.

Yeye hulisimamisha kila lori. Madereva wengi wanatoka Mwanza na Shinyanga, kwa hiyo huwauliza kwa Kiswahili. Juzi nilikuwa karibu alipomuuliza dereva mmoja, Leonidas, mtu mwenye maneno mengi lakini si mbaya. Bibi alimwambia kwamba anamtafuta kipofu, ndugu yake wa mbali. Leonidas alimjibu kwa upole kwamba dunia imejaa ndugu wa mbali; yeye mwenyewe anao kumi na wawili, na wote huja siku ya kuchinja. Akamwambia aende akapumzike. Bibi alipoondoka, Leonidas aliniambia jambo jingine. Alisema wiki iliyopita, siku moja baada ya bibi kumuuliza swali hilohilo, alimwona kipofu ameketi kando ya barabara upande wa Ngara, peke yake, bila baiskeli wala mtu. Hakusimama, kwa kuwa lori lilikuwa limejaa na mtu mwenyewe alikuwa ni ndugu wa mbali tu. Angejua kwamba ni mtu wa nyumbani kwa yule mama, alisema, angemwinua akamweka juu ya magunia.

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa tangu mstari wa kwanza.

Ulinifundisha kwamba kauli ya kutendwa hutumiwa na mtu asiyetaka kumtaja mtenda. Huko juu nimeandika kwamba Anastazi aliandikwa ndugu wa mbali. Nilijificha katika neno hilo. Aliyeandika ni mimi.

Na Bibi Marsiana hakusema hivyo. Nilipomuuliza uhusiano wake na yule kipofu, alisema ni ndugu yake wa mbari. Alilitamka vizuri kabisa. Mbari, Baba, yaani ukoo. Ndugu wa ukoo mmoja na marehemu mumewe, mtu wa damu ya nyumba ile. Ni neno ambalo wewe hulisoma mbele ya waumini kila Noeli, katika lile somo la watu kwenda kuandikwa, kila mmoja katika mji wa mbari yake. Nilikuwa nikilisikia kinywani mwako kabla sijajua kusoma. Yeye naye alilipata kanisani, akalihifadhi, akaja nalo mezani kwangu siku alipoandikwa.

Nami nilicheka. Niliwageukia watu waliokuwa kwenye mstari nikawaambia wasikilize jinsi herufi inavyoharibu lugha. Nilimwambia aseme mbali. Akasema mbari. Nilimwonyesha ncha ya ulimi inakopaswa kugusa. Akasema tena mbari, polepole, akinitazama usoni, kama mtu anayemsubiri mwenzake aelewe. Ningeweza kumuuliza kwa lugha yake, swali moja tu, na mambo yangekwisha hapo. Sikumuuliza. Mara ya tatu alisema mbali. Watu wakapiga makofi, nami nikaandika, akabonyeza dole gumba.

Bado sijamaliza. Alipogundua kwamba Anastazi hakuletwa, alikwenda kwa Bwana Philbert, akasomewa daftari. Kisha akaja kwangu akapiga magoti. Aliniomba radhi kwa kuwa Kiswahili chake kibovu kimeharibu kitabu cha serikali na kumpoteza mtu. Alisema ulimi wake ndio uliomtupa Anastazi. Siku ile nilikwisha kuelewa, Baba. Nililiona neno lile daftarini na nikaelewa. Lakini Bwana Ildefonce alikuwapo, na wenzangu walikuwapo, nami nikamwinua bibi nikamwambia si neno, mambo hayo hutokea. Nilimsamehe.

Tangu siku ile anafanya mazoezi. Nimemsikia nyuma ya kibanda chake akilirudia: mbali, mbali, mbali, ili asiharibu tena. Na neno hilo ndilo analowapelekea madereva.

Nakuomba hivi. Jumapili hii, baada ya ibada, utangaze hapo Lukole, na uwapelekee tangazo makatekista wa vigango vyote vilivyo kando ya barabara kuu. Mzee kipofu, mrefu, mwenye makovu ya ndui usoni, anaitwa Anastazi. Huenda ameshika kipande cha kamba ya katani. Akiulizwa atokako atasema kwa Marsiana. Ukitangaza, tafadhali usiseme kwamba anatafutwa na serikali, kwa maana watu watamficha. Nami ukiona inafaa kunitaja, nitaje kwa jina na kwa kosa.

Barua hii niliiacha mezani jana ikiwa imefika hapo, kwa sababu niliona aibu kukuungamia wewe uliye mbali kabla ya kumwambia yeye aliye jirani. Nilimkuta akichambua maharage. Nilimweleza yote kwa lugha yake, bila kuruka kitu. Hakuinua macho, mikono yake iliendelea kutenga mawe na maharage. Baadaye aliniuliza kama nina maana kwamba mara ya kwanza alisema sawasawa. Nikamjibu ndiyo. Akauliza mara ya pili je? Nikamjibu kwamba hata mara ya pili alisema sawasawa. Kosa lilikuwa lile la tatu. Kisha akaniuliza: basi watu walipiga makofi ya nini?

Alfajiri ya leo alikuja mlangoni kwangu. Hakuzungumza juu ya kusamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Alitaka nimwandikie karatasi ya kuwaonyesha madereva. Niliandika: Anastazi, kipofu, ndugu yangu wa mbari, mtu wa nyumbani kwangu. Aliniambia nimwonyeshe neno lenyewe ni lipi kati ya hayo. Nilimwonyesha. Akaweka dole gumba juu yake, akakunja karatasi, dole likiwa bado limo ndani, akaenda barabarani.

Baba, safari hii usinirudishie barua. Wino mwekundu uliobaki uutumie kuandika tangazo la Anastazi, ulibandike kwenye mlango wa kanisa. Nitaipeleka barua hii kwa Leonidas, ambaye ameahidi kuipitisha huko kesho na kuendesha polepole upande wa kushoto na wa kulia. Mimi nitafuata nyuma kwa miguu, nikianzia pale alipomwona.

Mwambie Mama kwamba nakula. Wasalimu wote wa nyumbani na majirani. Wewe nakuachia shikamoo nyingine, ya kufungia barua, nikikuomba uitikie hata kama umekasirika.

Ni mimi mwanao,
Anatoli Bernardo,
mwandishi wa daftari.