Ukurasa wa Mwezi wa Tatu

Kabungu,
Jumapili, 3 Agosti 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini wewe na Mama Mdogo Tereza ni wazima huko Kapalamsenga, na moshi wa kukaushia samaki hauwaumizi tena macho. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunakwenda shule. Dagaa uliotutumia walifika salama, na Bibi aliwagawia majirani kabla sisi hatujaonja. Unamjua.

Leo nimeamua kukuandikia kila kitu, nisifiche hata kimoja. Kwa hiyo nakuomba uisome barua hii mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Sikukupigia simu kwa sababu simu ya Bibi haisikiki mpaka iwekwe spika, na ikiwekwa spika nusu ya kitongoji wanaitikia salamu zako.

Ulisikia kwamba mdogo wangu Odeta aliumwa akapona. Mama, hiyo ni nusu ya habari. Homa iliisha, lakini sikio lake la kushoto halisikii kabisa. La kulia linasikia kidogo, ukimsogelea na kusema polepole. Habari ya pili ni ya Bibi. Ameacha kupika uji wa shule, haendi tena kwenye vikao vya wazazi, na hata kanisani anakaa karibu na mlango ili awahi kutoka. Anaamini yeye ndiye aliyemharibu mtoto. Nataka ujue jinsi tulivyofika hapa.

Mwaka huu Mwalimu Eufrazia, yule Mpimbwe asiyejua Kirundi aliyenifundisha mpaka nikamaliza darasa la saba, alianzisha daftari la nyumbani. Aliwaambia wazazi kwamba shule ina mkono mmoja tu, na mkono mmoja haufungi mzigo. Kila Ijumaa mtoto analeta daftari lenye maneno ya mwalimu, nyumbani mnasoma, mnajibu, Jumatatu linarudi. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Bibi alilipenda daftari hilo kuliko mtu yeyote kijijini. Alikuwa akinawa kwanza, kisha ananipa kidole nikipake wino wa kalamu, anakibandika taratibu kama anayefunika chungu. Na kwa kuwa Kiswahili chake ni cha sokoni tu, mimi ndiye niliyemsomea kwa Kirundi na kuandika majibu. Mwalimu Eufrazia aliwaambia wenzake kwamba nyumba ya kina Odeta haimpi wasiwasi, maana ina msomi.

Bibi hakuishia kwenye kidole. Ndiye aliyewakusanya akina mama wapike uji wa darasa la kwanza na la pili, kila mmoja na siku yake na kikombe chake cha unga. Waliosema hawana nafasi aliwauliza kama watoto wao nao hawana matumbo.

Mwezi wa sita wazazi walikwenda kufyatua tofali za darasa jipya. Lori la mchanga lilikuwa linarudi nyuma na Odeta amelipa mgongo, anachora chini na kijiti. Watu wote walipiga kelele. Hakugeuka. Mzee Maiko, mwenyekiti wa kamati ya shule, alimrukia na kumnyakua kama kuku, wakaanguka wote wawili kwenye udongo. Wengine walianza kumgombeza mtoto kwamba ana kiburi. Bibi alisimama nyuma yake na kupiga makofi, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akakaa chini palepale.

Jioni ile Bibi alipasha mafuta ya mawese yakawa vuguvugu, akamtia Odeta matone sikioni, kama alivyokufanyia wewe ulipokuwa mdogo. Siku ya tatu homa ilipanda, shingo ikavimba nyuma ya sikio, tukampeleka hospitali Mpanda. Alilazwa siku kumi na mbili. Tangu tuliporudi Bibi hajagusa mawese, hata ya mboga. Mzee Maiko alikuja kumbembeleza. Akamtania kwamba siku hizi uji anapika Jean Bosco, mlinzi wa shule, na mbuzi wamekula kiapo hawaugusi. Bibi hakucheka. Alimjibu kwamba mikono iliyoua sikio la mtoto haipiki chakula cha watoto wa watu. Baada ya hapo akina mama wengine wanne nao wakaacha, na sasa uji unapikwa siku mbili tu kwa wiki.

Mama, si mikono ya Bibi. Ni mimi.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu Mwalimu Eufrazia aliandika kwenye daftari kwamba Odeta hasikii vizuri, sikio la kushoto linatoa usaha, na tumpeleke hospitali mapema. Chini yake aliandika kwamba yeye amemhamishia dawati la mbele. Mimi nilimsomea Bibi kwamba Odeta ana adabu na amewekwa dawati la mbele. Bibi alifurahi sana, Mama. Jumapili yake kanisani aliwaambia watu wote kwamba mjukuu wake anakaa mbele. Akabandika kidole, na juu ya kidole chake nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba tumesikia, tutampeleka. Baada ya wiki tatu mwalimu aliuliza. Nikaandika kwamba tumempeleka, amepewa dawa. Kidole cha Bibi kipo hapo pia.

Mwezi wa tano mwalimu alikuja mwenyewe nyumbani. Nilikaa kwenye kigoda katikati yao. Aliuliza daktari alisemaje. Bibi alilijua neno daktari, akanigeukia kwa haraka kuuliza kuna nini. Nikamwambia mwalimu anasema Odeta akiendelea hivi atakuja kuwa daktari. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi, akamkamatia mwalimu yule jogoo mwekundu. Nami nikamwambia mwalimu kwamba Bibi anasema daktari alitoa dawa ya matone, na kuku huyu ni asante. Mwalimu aliondoka na jogoo kwapani, anatushukuru kwa ushirikiano wetu.

Unaniuliza kwa nini. Unamkumbuka Hana, binti wa Mzee Telesfori. Mwaka juzi mwalimu mmoja alimwambia baba yake kikaoni kwamba mtoto hashiki masomo, na wiki ile ile akapelekwa kwenye mpunga kufukuza ndege. Hajarudi darasani mpaka leo. Bibi mwenyewe alisema siku ile kwamba aliyeshindwa na kalamu hawezi kushindwa na jembe. Niliogopa kwamba nikisoma maneno yale Odeta ataachishwa shule.

Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na ni ya kweli. Lakini nimeahidi kusema yote. Wiki ile nilikuwa na majaribio ya kidato cha kwanza. Bibi asingeweza kwenda hospitali bila mtu wa kumtafsiria, na mtu huyo ni mimi. Nilitaka kuwa wa kwanza. Nilijiambia sikio litakauka lenyewe, kama mafua. Nilikuwa wa kwanza, Mama. Cheti ulichofurahia kwenye simu ni cha wiki ile.

Bado kuna lililo baya zaidi. Siku ya kutoka hospitali daktari alitukalisha. Alisema ugonjwa huu ni wa miezi, si wa siku tatu, na kama tungefika mwezi wa tatu sikio lingepona. Alisema mafuta hayakuleta ugonjwa, ila tusitie tena kitu chochote sikioni. Bibi alikuwa ananitazama mdomoni, anasubiri. Nikamwambia daktari anasema usitie mafuta tena. Basi. Mengine sikuyatafsiri. Bibi aliinamisha kichwa akaniambia, ndiyo, mwana wanje, mwanangu, nilijua ni mimi.

Odeta hana habari ya haya yote. Bado anakwenda shule. Mwalimu Eufrazia amewafundisha wenzake wamguse bega badala ya kumwita, naye anawatazama midomo na kuwaiga mpaka darasa zima linacheka, yeye akiwa wa kwanza. Wiki iliyopita alisoma ukurasa mzima kwa sauti. Sauti yake imekuwa kubwa kidogo, lakini hakukosea.

Na Bibi, Mama, amenunua daftari lake. Aliniambia mtu asiyejua kusoma ni hatari kwa watoto wake, nimfundishe. Kila jioni kabla ya kupika tunakaa nje, yeye anafuata herufi kwa kidole kile kile cha wino. Ameshajua kuandika jina lake, na jina la Odeta analitambua popote. Juzi alitoa kwenye sanduku daftari la nyumbani lililokwisha kujaa, akasema atajisomea sifa za mjukuu wake, angalau zile za zamani, zimfariji. Ameanzia ukurasa wa kwanza, wa mwezi wa kwanza, neno kwa neno. Akikwama ananiuliza maana yake. Sikio ni neno fupi, na hospitali analijua hata bila mimi.

Msalimie sana Mama Mdogo, mwambie khanga yake bado naitunza. Odeta anakusalimu, anasema ukija uongee ukiwa umemtazama. Bibi anakusalimu pia, ingawa hajui ninachoandika. Amekaa hapa karibu yangu ananiangalia kalamu. Amesema mwandiko wangu ni mzuri. Pontien wa lori la mahindi anaondoka kesho asubuhi na atarudi Alhamisi. Tafadhali mpe jibu, hata kama ni mstari mmoja.

Amebakiza kurasa tisa kufika mwezi wa tatu. Nimwambie mwenyewe kabla hajafika, au nitakuwa bado sijachelewa nikikusubiri wewe uje?

Ni mimi mwanao,
Joséline